Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Brandubh: Vita vya Kale kwa Kete 13 kwenye Skrini ya Simu

Mwaka 1932, wataalamu wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba huko Ballinderry, nchini Ireland, walifukua ubao wa mchezo wenye matundu 49, yaani mistari saba yenye matundu saba kila mmoja, na tundu la katikati pamoja na yale ya kona yalikuwa yametiwa alama. Ubao huo wa zama za Waviking unahusishwa na brandubh, mchezo wa kivita ambao jina lake la Kiairishi humaanisha kunguru mweusi. Mfalme anakaa katikati akiwa na walinzi wanne. Washambuliaji wanane wamemzunguka kutoka pande zote. Yeye anatafuta njia ya kutorokea konani, nao wanatafuta namna ya kumfunga. Hakuna dadu wala karata, na kete zote hutembea kwa namna moja.

Ninaamini kwamba huu ndio mchezo bora kabisa wa kuanza nao kwa mtu anayetaka kutengeneza mchezo wake wa mkakati kwenye simu, na mwongozo huu unaeleza kazi hiyo tangu kwenye kipande cha boksi hadi kwenye faili moja inayofunguka katika kivinjari bila intaneti. Nachukulia kwamba msomaji anazifahamu orodha, vitanzi na masharti ya JavaScript. Huhitaji programu ya kutengenezea michezo wala maktaba yoyote ya nje.

Hatua ya 1: Chezeni kwanza kwa vizibo

Chora miraba 49 kwenye kipande cha boksi. Tafuta vizibo vinane vya soda ya aina moja kwa ajili ya washambuliaji, vinne vya aina nyingine kwa ajili ya walinzi, na kizibo kimoja cha chupa ya maji kiwe mfalme. Mweke mfalme katikati, mzungushie walinzi wanne juu, chini, kulia na kushoto kwake, kisha nyuma ya kila mlinzi panga washambuliaji wawili kuelekea ukingoni. Umbo linalotokea ni msalaba unaogusa kingo zote nne.

Kete yoyote huenda mbele, nyuma au pembeni kwa mstari ulionyooka, miraba mingi kadiri mchezaji apendavyo, bila kuruka kete nyingine na bila kwenda mshazari. Washambuliaji huanza. Kete hutekwa ikibanwa na maadui wawili kutoka pande mbili zinazotazamana, kama askari aliyeshambuliwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Chezeni angalau michezo kumi kabla ya kuwasha kompyuta, kwa sababu mabishano yatakayozuka juu ya boksi hilo ndiyo orodha kamili ya mambo ambayo msimbo wako utalazimika kuyajibu.

Hatua ya 2: Funga sheria zote kabla ya kuandika msimbo

Hapa ndipo nawasihi wasomaji watumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Sheria kamili za brandubh hazikuachwa zimeandikwa. Zinazotumika leo zimejengwa upya, kwa sehemu kubwa kutokana na mchezo ndugu yake unaoitwa tablut, wenye miraba 81. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliwakuta Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Ulaya, wakiucheza tablut alipokuwa akisafiri katika eneo lao la Lapland mwaka 1732, akaandika maelezo yake kwa Kilatini ndani ya shajara. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1811 ilikuwa na makosa, na wengi walioitegemea walielewa kwamba mfalme lazima azingirwe pande nne popote alipo. Mfalme akawa karibu hashikiki, na mchezo uliokuwa na mizani ukapinda upande mmoja. Sheria moja iliyosomwa vibaya ilitosha kuuharibu mchezo mzima, na katika msimbo mambo huwa hivyo hivyo.

Zifuatazo ndizo sheria ninazozitumia, na ninapendekeza uzianze hizi kabla hujajaribu zako.

Kona nne ni za mfalme peke yake, na akifika kwenye mojawapo ameshinda. Mraba wa katikati, yaani kiti cha enzi, nao ni wa mfalme peke yake. Kete nyingine zinaweza kupita juu yake kikiwa kitupu lakini haziwezi kusimama hapo. Kona ni adui kwa kila kete, mfalme naye akiwemo, maana yake kona inahesabika kama mbanaji wa pili. Kiti cha enzi kikiwa kitupu nacho ni adui kwa kete zote za kawaida. Mfalme anashiriki kuteka kama mlinzi mwingine yeyote.

Huenda ukajiuliza kwa nini kona iwe adui. Jibu linapatikana kwa kuhesabu. Kona hufikiwa kupitia miraba miwili tu, ule ulio pembeni yake na ule ulio chini au juu yake, na washambuliaji wako ni wanane. Wangeweza kusimama wawili wawili kando ya kila kona, wakaziba kona zote nne, na mchezo ukafa hapo bila mshindi. Kona ikiwa adui, mshambuliaji aliyesimama kando yake anatekwa na mlinzi mmoja tu anayekuja kumbana kutoka upande wa pili. Kwa hiyo sheria hiyo ndogo ndiyo inayowazuia washambuliaji wasigeuke mageti.

Mfalme mwenyewe anashikwa kwa namna tatu kulingana na mahali alipo. Akiwa juu ya kiti cha enzi, azingirwe pande zote nne. Akiwa kwenye mraba unaogusa kiti hicho, azingirwe pande tatu zilizobaki. Kwingineko anabanwa na maadui wawili wanaotazamana, kama kete nyingine yoyote. Mwisho, mchezaji asiye na hatua halali ameshindwa, na nafasi ileile ikijirudia mara ya tatu mchezo ni sare.

Andika sheria hizi kwenye karatasi moja. Kila utakapotamani kuongeza kitu, kiandike nyuma ya karatasi hiyo na ukiache hapo hadi mchezo ukamilike. Toleo langu la kwanza lilikuwa na wapiga mishale na wapanda farasi, na nilipowaondoa niligundua kwamba sikupoteza mbinu hata moja ya maana: kuvizia, kutoa kafara na kuvunja mzingiro vyote vilikuwa tayari vimo ndani ya kubana na kubanwa.

Hatua ya 3: Ugeuze ubao kuwa namba

Tumia orodha moja yenye nafasi 49, kuanzia 0 hadi 48. Namba 0 iwe mraba mtupu, 1 mshambuliaji, 2 mlinzi na 3 mfalme. Hesabu mistari kutoka juu na safu kutoka kushoto, zote zikianzia 0. Namba ya mraba hupatikana kwa kuzidisha mstari mara 7 kisha kujumlisha safu. Mraba ulio mstari wa 3, safu ya 3, ni 24, nao ndio kiti cha enzi. Kona ni 0, 6, 42 na 48. Walinzi wanaanzia 17, 23, 25 na 31. Washambuliaji wanaanzia 3, 10, 21, 22, 26, 27, 38 na 45.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba hali nzima ya mchezo inageuka kuwa tungo (string) ya tarakimu 49, ikiongezewa moja inayoonyesha zamu ni ya nani. Kuhifadhi mchezo kwenye hifadhi ya kivinjari ni kuandika tungo hiyo, kurudisha hatua nyuma ni kuchukua tungo iliyotangulia, na kugundua nafasi iliyojirudia ni kulinganisha tungo mbili.

Hatua ya 4: Mwendo, na namba 40

Andika fanksheni inayopokea ubao na upande wenye zamu, kisha inarudisha orodha ya hatua zote halali. Kwa kila kete, nenda mraba mmoja mmoja katika pande nne, ukisimama unapokutana na kete nyingine au ukingo. Kona isimamishe kila kete isiyo mfalme, na kwa kete hizo kiti cha enzi kitupu kipitwe bila kuandikwa kama mahali pa kutua.

Sasa pima. Kwenye mpangilio wa mwanzo, washambuliaji wana hatua 40 halali: kila mshambuliaji wa ukingoni ana nne, na kila wa ndani ana sita. Ukiwapa walinzi zamu kwa majaribio, wawe na hatua 24, na mfalme asiwe na hata moja. Ukiona 48 badala ya 40, umesahau kuwazuia washambuliaji wasitue konani. Ukiona 52, kete zako zinavuka ukingo wa kulia na kutokea upande wa kushoto wa mstari unaofuata, kwa sababu kwenye orodha mraba wa 13 na wa 14 ni majirani ingawa ubaoni uko mmoja kila upande.

Hitilafu hiyo ya ukingo ilinisumbua kwa siku mbili. Mlinzi wangu aliyekuwa amesimama salama kwenye ukingo wa kulia alikuwa akitoweka ghafla, nami nikidhani tatizo liko kwenye picha, kumbe alikuwa akibanwa na mshambuliaji aliyekuwa upande wa pili kabisa wa ubao. Dawa yake ni kutosogea kwa kujumlisha 1 au 7 peke yake: kokotoa mstari na safu ya mraba unaofuata, na uukatae kama mojawapo iko nje ya 0 hadi 6.

Hatua ya 5: Kuteka

Baada ya kete kutua, tazama pande zake nne. Kama jirani ni kete ya kawaida ya adui, tazama mraba ulio nyuma ya jirani huyo katika mwelekeo uleule. Ukikuta hapo kete ya upande wako, au kona, au kiti cha enzi kilicho kitupu, mwondoe jirani. Hatua moja inaweza kuteka hadi kete tatu, kwa kuwa upande wa nne ndiko kete yako ilikotoka, na mraba huo ni mtupu.

Zingatia kwamba anayeteka ni kete iliyosogea tu. Kete inayoingia yenyewe katikati ya maadui wawili haidhuriki, na bila kanuni hiyo hakuna mtu angethubutu kupita kwenye mstari wa adui. Wanaoanza huandika msimbo unaochunguza ubao wote baada ya kila hatua na kuondoa yeyote aliyebanwa. Msimbo huo unaonekana mfupi na mzuri, lakini unaua kete zisizostahili kufa.

Tengeneza nafasi tatu za majaribio na uzihifadhi. Ya kwanza: mlinzi yuko 1, mshambuliaji anatoka 9 kwenda 2, mlinzi lazima atekwe, kwa sababu kona ya 0 inambana upande wa pili. Ya pili: mlinzi yuko 13, mshambuliaji mmoja yuko 14, mwingine anakuja 12, lisitokee lolote. Ya tatu: walinzi wako 8 na 10, mshambuliaji anashuka kutoka 2 kwenda 9, abaki mzima. Ziendeshe zote tatu kila unapogusa msimbo wa kuteka, hata kama umebadilisha herufi moja.

Hatua ya 6: Mfalme na mwisho wa mchezo

Usimchanganye mfalme na fanksheni ya kuteka kete za kawaida. Mpe yake, inayoitwa kila mshambuliaji anapotua jirani naye, na inayoanza kwa kuuliza yuko wapi: kwenye kiti, kando ya kiti, au kwingineko. Jaribu nafasi ambayo mfalme yuko 24 huku washambuliaji wakiwa 17, 23 na 25, mchezo uendelee. Mlete wa nne 31, na mchezo uishe.

Linnaeus aliandika jambo moja ambalo ningependa kila mtengenezaji alihifadhi. Wachezaji wa tablut walikuwa wakisema "raichi" mfalme anapopata njia moja iliyo wazi ya kutokea, na "tuichu" anapopata mbili. Katika tablut njia hizo zilikuwa za kufika ukingoni. Sisi tunazihesabu kuelekea konani. Njia moja inaweza kuzibwa. Mbili kwa kawaida haziwezi. Weka alama ndogo kwenye kona iliyo wazi kwa mfalme, na mchezaji ataona hatari bila kusomewa maelezo.

Hatua ya 7: Sura

Skrini yenye upana wa pikseli 360 ikigawanywa kwa saba inakupa mraba wa pikseli 51 hivi. Mwongozo wa Android unapendekeza kwamba sehemu ya kuguswa isipungue vipimo 48 kwa 48, kwa hiyo ubao wa saba kwa saba unatosha kidole cha mtu mzima. Ubao mkubwa wa hnefatafl, mchezo mwingine wa ukoo huu, wenye miraba 11 kila upande, ungeshuka hadi pikseli 32, na mchezaji angekuwa akikosea mraba kila mara. Hiyo ni sababu nyingine ya kuichagua brandubh kwa simu.

Chora kwa SVG au kwa gridi ya kawaida ya kivinjari. Rangi tatu zinatosha: ya ubao, ya washambuliaji na ya walinzi. Usitegemee rangi peke yake kutofautisha pande, kwa sababu wako watu wasioziona tofauti zake na wako wanaocheza juani. Wape washambuliaji duara lililojaa, walinzi duara lenye tundu, na mfalme umbo kubwa kidogo lenye msalaba. Mguso wa kwanza uonyeshe vitone kwenye miraba yote ambayo kete inaweza kwenda, na wa pili uisogeze.

Binti wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka 11, alinifundisha jambo ambalo sikulijua. Nilimpa simu bila kumweleza lolote, akacheza vizuri kwa muda, kisha akaninyooshea simu akiuliza, "Mjomba, mfalme wangu ameenda wapi?" Alikuwa ameshikwa, lakini kete zilikuwa zinatoweka papo hapo, na jicho lake lilikuwa kwenye kete iliyosogea. Tangu siku hiyo kete inayotekwa hufifia polepole kwa milisekunde 300, mstari mwembamba huwaunganisha wale wawili walioibana, na mraba ambao kete ilitoka hubaki na kivuli hadi zamu inayofuata. Usiandike maelezo marefu ya mafunzo. Mambo hayo matatu yanafundisha kuteka kuliko aya yoyote.

Hatua ya 8: Mpinzani wa mashine

Mashine hufikiri kwa kujibizana na nafsi yake: inajaribu kila hatua, kisha kila jibu, kisha kila jibu la jibu, na mwishoni inazipa alama nafasi zilizofikiwa, ikichukulia kwamba kila upande utachagua lililo bora kwake. Tukikadiria hatua 30 kwa kila zamu, kutazama hatua tatu mbele ni nafasi 27,000, nne ni 810,000, na tano ni zaidi ya milioni 24. Kwa hiyo uiongezee kanuni ya kukata matawi: ikishagundua jibu moja linaloiharibu hatua fulani, iache mara moja kuichunguza hatua hiyo. Kanuni hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ukianza na hatua zinazoteka na zile za mfalme.

Alama ziwe chache. Kushinda na kushindwa kwanza. Kisha njia zilizo wazi kwa mfalme. Kisha idadi ya kete, ukikumbuka kwamba mlinzi mmoja ana thamani takriban ya washambuliaji wawili kwa kuwa wako nusu yao. Mwishowe washambuliaji wanaolinda miraba inayoelekea konani. Weka ukomo wa muda, kwa mfano nusu sekunde, badala ya kina maalumu, ili simu ya bei nafuu isigande.

Hatua zile 40 za mwanzo ni hatua tano tu ukizungusha ubao na kuugeuza kama kwenye kioo. Mashine isiyo na bahati nasibu itarudia ufunguzi uleule daima. Iache ichague ovyo kati ya hatua zenye alama sawa au zinazokaribiana.

Hatua ya 9: Pima mizani, kisha gawa

Pande mbili zisizolingana lazima zipimwe kwa michezo mingi. Ichezeshe mashine dhidi ya yenyewe mara mia kadhaa na uhesabu nani anashinda. Ikiwa mfalme anashinda mno, angalia kwanza kama kanuni ya kumshika kwa washambuliaji wawili inafanya kazi; ikiwa washambuliaji ndio wanaoshinda mno, angalia uadui wa kona. Mara nyingi kinachopinda mizani ni hitilafu ya msimbo, na si vizuri kubadilisha sheria ili kuficha hitilafu. Kwa watu wawili, fanya mechi iwe ya michezo miwili, kila mmoja akishika upande wa mfalme mara moja, na wote wakishinda na mfalme, aliyetoroka kwa hatua chache ndiye bora.

Ukimaliza, weka msimbo, mitindo na picha zote ndani ya faili moja ya HTML. Haina sababu ya kuzidi kilobaiti 50, hivyo inaweza kutumwa kwa WhatsApp au Bluetooth bila kumaliza kifurushi cha mtu. Ifungue kwenye simu ya zamani kuliko zote unayoweza kuazima, zima data, na ucheze mchezo mmoja kamili ukiwa upande wa washambuliaji kabla ya kumtumia mtu mwingine.